Tamko kuhusu Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano

Sisi, wanachama wa umoja wa kamati za amani za vijijini, tunatoa tamko hili Kenya ikielekea Uchaguzi Mkuu wa 2027.

Kila uchaguzi unapokaribia, tunaombwa kuhubiri amani. Tunaitikia, na tutaendelea kuitikia. Hata hivyo, wananchi wanatuuliza maswali ambayo mahubiri hayayajibu: shamba langu liko wapi? Nani alimuua mwanangu? Yale niliyoieleza Tume yaliishia wapi?

Tume hiyo iliundwa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na wengine zaidi ya 600,000 wakafurushwa makwao. Ilichunguza dhuluma zilizotendwa tangu Desemba 12, 1963 hadi Februari 28, 2008, siku Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba wa kugawana mamlaka. Zaidi ya wananchi 40,000 waliandikisha taarifa. Jamaa za waliouawa Wagalla, Wajir, Februari 1984, walisimulia hadharani mambo waliyokuwa wameyanyamazia kwa miaka mingi. Kusema hivyo mbele ya watu si jambo jepesi; walisema kwa sababu sheria iliwaahidi kwamba watasikilizwa.

Rais Uhuru Kenyatta alikabidhiwa ripoti Mei 21, 2013. Desemba mwaka huo Bunge lilirekebisha sheria, na utekelezaji wa ripoti ukafungwa hadi wabunge waijadili. Machi 2015 Rais aliomba radhi na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Radhi ile tuliipokea kwa heshima. Aliondoka madarakani 2022, hazina haijaanza kulipa fidia.

Katiba ya 2010 tunaienzi. Imetuletea ugatuzi, na Mahakama ya Juu iliyothubutu kufuta matokeo ya urais 2017. Lakini machungu ya ardhi hayaamuliwi kwa kesi ya kura.

Kwa hiyo tunalitaka Bunge liijadili ripoti kabla ya kampeni kuanza, ikiwemo sura ya ardhi ambayo makamishna watatu wa kigeni walikataa kuiunga mkono. Tunaitaka Serikali itenge fedha za fidia katika bajeti ijayo. Kila mgombea atakayetualika kwenye jukwaa la amani, tutamuuliza kwanza msimamo wake kuhusu ripoti hii, naye ajibu mbele ya waathiriwa.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.