Fizikia ya Chuo Kikuu Haikaririwi

Liko neno ambalo twalisikia sana vijijini mwetu, nalo hapana budi lipingwe. Kijana arudipo nyumbani kutoka chuo kikuu, akiwa ameshindwa mtihani wa fizikia wa mwaka wa kwanza, watu husema, "Somo hilo lina watu wake; huyu hakuzaliwa nalo." Wengine husema amelogwa, na wengine husema amekula ada bure. Sisi tufundishao watoto wenu twayakana maneno hayo yote. Mara nyingi kijana huyo hakukosa akili wala bidii. Alikosa kuambiwa mapema ni kazi gani iliyomngojea. Basi twataka kuyasema wazi, ili mzazi auzaye ng'ombe wake kwa ajili ya ada ajue ni kitu gani anachokinunua.

Kwanza na tulitazame somo lenyewe. Katika vyuo vingi fizikia ya mwanzo hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni habari za mwendo: kani, nishati, vitu vizungukavyo na vitu vipembeavyo. Fungu la pili ni umeme na sumaku. Mtu akiisikia orodha hiyo husema, "Haya yote aliyasoma sekondari." Kweli, majina ni yale yale, lakini kazi si ile ile. Mwanafunzi mdogo hupewa gari liendalo kwa kasi moja, au kani isiyobadilika tangu mwanzo hata mwisho. Duniani mambo ya namna hiyo ni machache. Chuo kikuu humpa mwanafunzi mambo yabadilikayo kila nukta, na pamoja nayo humpa chombo cha kuyapimia. Chombo hicho ni kalkulasi, hesabu iliyotungwa katika karne ya 17 na Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake.

Wengi huliogopa jina hilo, nalo halistahili kuogopwa. Fikirini jiwe linaloachwa lianguke kutoka juu ya genge refu. Tukiuacha upinzani wa hewa, na kuhesabu kwa tarakimu nyepesi, baada ya sekunde 1 limeshuka mita 5. Baada ya sekunde 2, mita 20. Baada ya sekunde 3, mita 45. Sasa twauliza: ilipotimia sekunde ya 2 hasa, jiwe lilikuwa na kasi gani? Mwenye kukariri atasema kwamba kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Lakini katika nukta moja hapana umbali wala muda, agawanye nini? Tangu sekunde ya 2 hata ya 3 jiwe lilishuka mita 25, lakini ndani ya sekunde hiyo kasi yake ilikuwa ikiongezeka. Basi na tuupunguze muda. Tangu 2 hata 2.1 lilishuka mita 2.05, yaani mita 20.5 kwa sekunde. Tangu 2 hata 2.01 twapata mita 20.05 kwa sekunde. Kila tukizidi kuupunguza muda, jibu lazidi kuikaribia 20, nayo 20 ndiyo kasi tuliyoitafuta. Hiyo ndiyo nusu ya kalkulasi. Nusu ya pili ni kurudi nyuma: kukusanya vipande vidogo vidogo visivyohesabika mpaka kitu kizima kipatikane. Wazee wetu walisema, haba na haba hujaza kibaba. Asiyelielewa jambo hili atazikariri alama zake kama kasuku, na swali la kwanza lililogeuzwa kidogo litamwangusha.

Hapo ndipo twagombana na wale wasemao, "Mpeni kijana mitihani ya miaka iliyopita, ayashike majibu, atafaulu." Twawajibu kwa habari ya kweli. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1984. Wanafunzi wake walimsifu, na mitihani yenye hesabu ngumu waliifanya vizuri. Lakini walimu wawili, Ibrahim Halloun na David Hestenes, walikuwa wamechapisha mwaka 1985 mtihani wa maswali mepesi yasiyo na hesabu. Mazur alipowapa wanafunzi wake maswali ya namna hiyo, mmoja wao alimwuliza ajibu kama alivyofundishwa, ama kama yeye mwenyewe aonavyo mambo hayo. Tazameni neno hilo! Kumbe mafundisho yalikaa upande mmoja wa kichwa, na imani ya zamani upande wa pili, wala hayajapata kukutana. Na wengi walijikwaa, ingawa hao walikuwa wanafunzi wateule.

Wasomaji na wajijaribu wenyewe. Lori zito lagongana na gari dogo; ni lipi lisukumalo lenzake kwa kani kubwa zaidi? Karibu kila mtu atasema lori. Newton alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1687 kwamba kani hizo mbili ni sawasawa. Gari dogo huharibika zaidi kwa kuwa ni jepesi na mwendo wake hubadilishwa zaidi, wala si kwa kuwa limesukumwa kwa kani kubwa zaidi. Kijana aweza kuiandika sheria hiyo bila kosa hata herufi moja, na bado moyoni akaamini kwamba lori ndilo lililoshinda. Chuo kikuu kitamdai aubadilishe moyo wake, si kalamu yake tu.

Watu watauliza, "Je, hapana cha kushika kwa kichwa?" Kipo. Seremala hana budi kuyajua majina ya zana zake. Lakini kulijua jina la randa si kupiga randa. Fundi hujifunza kwa kupiga randa, na mbao za kwanza huharibika. Kadhalika mwanafunzi wa fizikia. Mwaka 1998 Richard Hake wa Marekani alichapisha hesabu ya wanafunzi 6,542. Katika madarasa ambamo walisikiliza tu, waliziba kadiri ya sehemu 23 katika 100 za yale waliyokuwa hawayajui mwanzoni. Katika madarasa ambamo walishughulishwa, wakajadiliana na kujaribu, waliziba sehemu 48. Ni zaidi ya maradufu. Basi asemaye kwamba elimu hii huingia kwa kukaa kimya na kunakili ubaoni, na atuonyeshe hesabu zake.

Tena liko jambo la kuuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba huku kwetu Tanganyika, aliona kwamba maziwa yake aliyoyatia katika mashine ya barafu yangali moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wenziwe wakamcheka. Osborne hakumcheka, alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja. Hata leo wataalamu hawajapatana juu ya jambo hilo, na jina lake Mpemba lasomwa ulimwenguni kote. Wako wapi waliomcheka?

Basi haya ndiyo ya kutazamiwa. Kijana ategemee kwamba kila saa ya darasani itamdai saa mbili au zaidi za kazi yake mwenyewe. Ategemee swali moja kumlaza macho, na vipimo vya maabara visivyolingana na kitabu, ambavyo hatakiwi kuvificha bali kuvieleza. Achore picha kabla ya kuandika kanuni. Aeleze kwa Kiswahili chake kinachotokea kabla ya kukihesabu. Akae na wenziwe wabishane. Alama mbaya ya mtihani wa kwanza si hukumu. Ni ishara ya kubadili njia ya kusoma.

Nanyi wazazi, msimwulize tu amekuwa wa ngapi. Mwulizeni amelielewa jambo gani, na awaeleze hapo barazani. Akishindwa kuwaeleza, hajalielewa. Na wenzetu walimu wanaowafunga watoto vinywa ili wamalize kunakili, twawaambia bila kuficha: mwawapeleka vijana vitani na mikuki ya mabua. Mtoto aulizaye darasani leo ndiye atakayesimama chuoni kesho. Mwacheni aulize.