Jezi na Katiba

Cédric Bakambu alizaliwa Ufaransa mwaka 1991, katika familia yenye asili ya Kongo. Mwaka 2010 aliivaa jezi ya Ufaransa, akatwaa nayo ubingwa wa Ulaya kwa vijana wa chini ya miaka 19. Mwaka 2015 akaanza kuichezea Kongo, nasi tukamwita mtoto wa nyumbani bila kumuuliza pasi yake ni ya wapi. Nami humshangilia, tena kwa sauti kubwa.

Lakini hebu ifungue Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 10: uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, haushikwi pamoja na mwingine wowote. Muuguzi mzaliwa wa Bukavu aliyechukua uraia wa Ubelgiji huomba viza ili aje kumzika mama yake. Kisheria ni mgeni. Yeye hana mabao ya kutuonyesha.

Sisemi mchezaji azuiwe. Nasema ibara hiyo irekebishwe. Wapo wanaohofia usalama wa nchi, na hofu hiyo ina uzito, hasa kwetu huku mashariki. Basi na ijadiliwe bungeni, isinyamaziwe kila timu inaposhinda.