Usukani Ukitetemeka, Usikimbilie Kununua Bushi

Wasee wa Nyeri, kuna kitu kinanikera. Unaingia gereji, unasema usukani unatetemeka, na kabla hujamaliza fundi ashaingia chini ya gari. Akitoka huko, bushi zimeisha, shoksi zimeisha, kila kitu kimeisha. Na hajakuuliza hata swali moja.

Swali lenyewe ni rahisi: inatetemeka ukiwa kwa spidi gani?

Mimi niliulizwa hivyo nikiwa tayari nimelipia bushi mpya za Probox ya mzee. Hapa tao gari ilikuwa imetulia kabisa. Lakini nikitoka Marua nikishuka Karatina, ile barabara pana, ikifika 90 mikono inaanza kufa ganzi. Jamaa wa matairi alicheka tu. Akachungulia ndani ya rimu ya mbele, akabandua bonge la udongo mwekundu uliokauka, kubwa kama mandazi. Nilikuwa nimetoka kwa shosho huko Othaya, wiki ya mvua, na unajua zile njia za majani chai. Akaosha rimu, akapandisha tairi kwa mashine ya balansi, akabandika vyuma vidogo vya uzito. Basi.

Kwa hivyo mimi nasema matairi kwanza. Ikitetemeka kuanzia 80 hivi hadi 110, shuku balansi. Mtetemo ukiwa kwa usukani, mara nyingi ni matairi ya mbele. Ukiusikia kwa kiti, cheki ya nyuma. Ikitetemeka ukikanyaga breki tu, hapo angalia diski. Na alainimenti? Hiyo ni ya gari inayovuta upande mmoja ama tairi inayolika upande. Wengi tunailipia bure.

Lakini kuna mtetemo haungoji foleni ya mashine. Gari ikiyumba hata ukienda polepole, simama. Kagua nati, hasa kama tairi ilitolewa juzi. Kisha pitisha mkono kwa ubavu wa tairi, pande zote mbili. Ukipata uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika, pengine uligonga shimo. Hiyo haizibwi wala haibalansiwi, weka spea. Najua tairi za mtumba ni bei poa na sote tumebanwa, lakini usinibebe na tairi yenye uvimbe tukishuka Sagana.

Zile bushi nilizotolewa bado ziko kwa buti. Nilimwonyesha yule jamaa wa matairi. Ziko sawa kabisa.