Aliyebadili Tingatinga Ndiye Mwenye Dhamana

Tingatinga linapoanza kupinduka kwenye mteremko, mwili wa opereta humwambia aruke. Akiutii, huangukia upande uleule mashine inakoangukia, na tani ishirini za chuma humfuata. Ndiyo maana juu ya kiti chake pakasimikwa nguzo na paa, ile ambayo watu wa saiti wanaiita kanopi, na kiunoni akafungiwa mkanda. Anaambiwa akae hapohapo na ashikilie. Mashine inaweza kubiringika, kanopi inaweza kupinda, lakini pale alipoketi patabaki nafasi ya mtu kuwa hai.

Tunaandika tahariri hii kwa sababu ahadi hiyo inavunjwa karakanani, mchana kweupe, na watu wasio na nia mbaya.

Haja ya kubadili mashine tunaikubali. Tingatinga la dampo, liwe Pugu Kinyamwezi au Dandora, haliwezi kusukuma taka likiwa kama lilivyotoka kiwandani: nyaya na kamba hujiviringisha kwenye mnyororo, vipande vya nondo hutoboa radiata, kwa hiyo linahitaji kinga za chuma chini na mbele. La msituni kule Mufindi linahitaji vyuma vya kuyakinga matawi yasimfikie opereta, na winchi nyuma. La kwenye tope linahitaji viatu vipana vya mnyororo. Anayefanya kazi mbali na mji huongeza tangi la dizeli; aliyekwisha kuibiwa betri na redio huweka nondo madirishani. Kila nyongeza ina sababu yake, na baadhi zinaokoa maisha. Tunacholaumu ni kuziongeza bila kuuliza kanopi ile ilipimwa ili ihimili nini.

Jibu limeandikwa kwenye mashine yenyewe. Kuna kibao kidogo kilichofungwa kwenye fremu, chenye herufi ROPS, kifupi cha Kiingereza cha fremu ya kumkinga opereta mashine inapopinduka, kinachotaja mtengenezaji wa fremu, namba yake, aina ya mashine iliyokusudiwa, kiwango ilichotimiza, na uzito wa juu kabisa ambao mashine hiyo inaruhusiwa kuwa nao. Katika mengi ya matingatinga yaliyotumika yanayoingia nchini, kibao hicho kimezikwa chini ya rangi mpya. Mafundi hupaka rangi ya manjano kila mahali ili mashine ipendeze machoni pa mnunuzi, na kwa brashi moja wanafuta maandishi pekee yanayomhusu opereta moja kwa moja.

Uzito ule si namba ya urembo. Kiwango cha kimataifa ISO 3471 kinahesabu uzito wa mashine ikiwa tayari kwa kazi: bledi, ripa au winchi ikiwa imefungwa, matangi yamejaa, vifaa vimo, na kanopi yenyewe ikiwemo. Kutokana na uzito huo ndipo hupatikana mzigo ambao fremu lazima iuhimili kwenye maabara. Kwa tingatinga la kilo 20,000, fremu husukumwa ubavuni kwa nguvu isiyopungua kilonewtoni 160, yaani kama kuegemezewa mzigo wa tani 16 hivi, na lazima imeze nishati ya takriban jouli 30,900. Kisha fremu hiyohiyo, ikiwa imekwisha kupinda, hukandamizwa kutoka juu kwa mzigo unaolingana na uzito wa mashine mara mbili. Kisha husukumwa kwa urefu wa mashine. Kati ya hatua moja na nyingine hairuhusiwi kunyooshwa wala kurekebishwa. Na katika hatua zote tatu, kipande chochote cha fremu kikiingia kwenye nafasi aliyotengewa mwili wa opereta, fremu imeshindwa.

Sasa chukua tingatinga hilo, ulifunge kinga za dampo, winchi na tangi la ziada, lifike kilo 22,500. Uzito umepanda kwa asilimia 12.5. Nguvu ya ubavuni inayodaiwa inafika kilonewtoni 185, na nishati inafika jouli 35,800, ambayo ni ongezeko la karibu asilimia 16. Mzigo wa juu umetoka tani 40 hadi tani 45. Kanopi haikuongezewa hata gramu moja ya chuma, lakini imekabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu nayo. Nyongeza zikiwa juu ya paa, kama taa nzito, tangi la maji au kiyoyozi cha pili, kitovu cha uzito nacho kinapanda, na mashine inapinduka mapema zaidi kwenye mteremko uleule ambao jana iliumudu.

Hapo ndipo fundi mwenye moyo mzuri anapofanya kosa la pili. Akiambiwa uzito umezidi, hujibu kwamba ataitia nguvu kanopi. Anakata bamba, analichomelea kwenye pembe za nguzo, na mwenye mashine anaondoka akiamini amenunua usalama. Kanopi ilisanifiwa ipinde. Kupinda kwake ndiko kunakomeza nguvu ya mpinduko polepole, kama mtu anayekunja magoti anaporuka kutoka ukutani. Ikikazwa isipinde, nguvu hupanda ghafla na kutafuta mahali pengine pa kupasua, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye mashikio na bolti zinazoishikilia kanopi kwenye mwili wa mashine. Kanopi iliyong'oka, hata ikiwa ngumu namna gani, haimkingi mtu.

Joto la kuchomelea lina madhara yake pia. Chuma cha fremu hizi huchaguliwa kwa uwezo wa kupokea pigo bila kukatika kama kioo. Kiwango kinataka kijaribiwe kwenye baridi kali, nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kwa kuwa baridi ndiyo hufichua chuma kinachovunjika upesi. Ukipitisha moto wa kuchomelea pembeni mwa nguzo bila kujua ni chuma gani na bila utaratibu uliothibitishwa, sehemu iliyoungua haina tena sifa ile iliyoandikwa kwenye cheti. Tundu moja la drili, la kufungia kizimamoto au kishikio cha simu, ni mahali ambapo ufa utaanzia. Miongozo ya watengenezaji wakubwa husema wazi: usichomelee wala usitoboe kanopi ili kufungia kifaa chochote. Maneno hayo yamo kwenye vitabu vinavyokuja na mashine, vitabu ambavyo karakana nyingi hazina.

Nondo za madirishani tunazitaja peke yake kwa sababu zinapita bila kuonekana kama mabadiliko. Mashine iliyolala ubavu imeziba mlango mmoja. Opereta aliyenusurika anahitaji njia ya pili, na tumeifungia nondo kwa sababu ya betri.

Bolti nazo. Kanopi huvuliwa ili mashine ipite chini ya daraja ikiwa juu ya lobedi, au iingie kwenye kontena, kisha hurudishwa. Kiwango kinazitaka bolti za daraja la juu, zenye alama 8.8, 9.8 au 10.9 vichwani. Zinazopatikana kwenye duka la jirani mara nyingi hazina alama yoyote. Kanuni za usalama wa ujenzi za Marekani zina sharti linalolihusu jambo hilo moja kwa moja: kanopi iliyoondolewa kwa sababu yoyote ile lazima irudishwe kwa bolti au kuchomelewa kwa ubora ulio sawa na wa awali au zaidi. Na kanopi iliyokatwa nguzo ili iingie kwenye kontena, kisha ikaungwa bandarini, haistahili tena jina hilo. Ni paa la kuzuia jua.

Hakuna anayeweza kusema maarifa haya ni mapya. Sweden iliamuru kinga ya aina hii kwenye matrekta mapya ya shamba tangu 1959. Kanuni za migodi ya Marekani isiyo ya makaa zinadai kanopi na mikanda kwenye matingatinga yaliyotengenezwa baada ya 30 Juni 1969. Masharti ya kanuni hizo kuhusu kurekebisha kanopi yanafaa kubandikwa ukutani katika kila karakana ya Dar es Salaam, Mombasa na Mwanza. Badiliko au matengenezo yoyote hufanywa kwa idhini ya mtengenezaji wa fremu, au chini ya maelekezo ya mhandisi aliyesajiliwa mwenye ujuzi wa kazi hiyo hasa, naye huthibitisha kwamba fremu bado inatimiza masharti. Fremu iliyokwisha kupinduka au kupata mzigo usio wa kawaida hairudi kazini mpaka ithibitishwe upya.

Huo ndio mzizi wa msimamo wetu. Mtengenezaji aliahidi kuhusu mashine aliyoitoa kiwandani, kwa uzito aliouandika. Siku unapoibadili, ahadi yake inaishia hapo, na ahadi inayofuata ni yako. Umejiweka mahali pa mtengenezaji, upende usipende, na hukuwekwa hapo na sheria tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 kwa Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zimeuweka usalama wa mfanyakazi mikononi mwa mwajiri. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mtu anayempandisha mwenzake juu ya mashine aliyoibadili mwenyewe anajua ni nani wa kuulizwa.

Kubadili kwa haki kunawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Huanza kwa kusoma kibao kabla ya kuwasha moto. Uzito wa kila nyongeza hujumlishwa kwenye karatasi, na kazi ikimalizika mashine hupelekwa mizani, ikiwa na matangi yaliyojaa, ili karatasi isije ikadanganya. Kinga na vyuma hufungwa kwenye mwili mkuu wa mashine au kwenye mashikio yaliyotolewa na mtengenezaji kwa kazi hiyo, mbali na nguzo za kanopi. Uzito ukipita ule wa kibao, kanopi nyingine inaagizwa, iliyopimwa kwa uzito mpya, au nyongeza zinapunguzwa. Hakuna njia ya tatu. Mkanda wa kiti nao hukaguliwa, pamoja na tarehe iliyoandikwa juu yake na mahali ulipofungwa, maana kanopi nzima nzima haimsaidii mtu aliyerushwa nje yake. Tunajua gharama. Kanopi iliyothibitishwa ni ghali na huchukua miezi kufika. Mkandarasi asiyeweza kusubiri aifanye kazi hiyo kwa mashine nyingine.

Kwa wahandisi tunasema kwa ukali zaidi, kwa kuwa wao hawawezi kujitetea kwa kutojua. Bodi za usajili, kwetu na kwa jirani zetu, zimewapa muhuri. Muhuri huo ukigongwa kwenye barua inayosema "imekaguliwa na iko salama" wakati aliyeugonga hakupiga hesabu ya uzito, hakuona cheti cha chuma na hajawahi kusanifu fremu ya aina hii, ni udanganyifu, na bodi inapaswa kuutendea hivyo. Hesabu za kompyuta zinasaidia, lakini mhandisi anayezitegemea peke yake, pasipo jaribio la fremu halisi au matokeo ya fremu iliyofanana nayo, aseme hivyo kwa maandishi. Mhandisi asiye na uzoefu wa kanopi aikatae kazi. Kukataa kazi usiyoiweza ni sehemu ya kiapo cha taaluma.

Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi wa Tanzania, na wa idara ya Kenya yenye kazi hiyohiyo wanaposimama mbele ya tingatinga, wasiishie kwenye leseni ya opereta, kofia ngumu na fulana ya kuakisi mwanga. Waombe kibao. Kikiwa kimepakwa rangi, wakikwangue. Kisipokuwepo, mashine isimame mpaka anayehusika atoe karatasi.

Kwa opereta hatuna la kumdai zaidi ya mkanda. Yeye ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote tuliowataja, na ndiye pekee anayepanda. Akiona ufa kwenye nguzo, bolti isiyo na alama au bamba lililochomelewa juu ya kiti chake, na akakataa kupanda, msimamizi atakayemwita mvivu atakuwa amejitangaza kuwa hafai kusimamia saiti.

Jarida hili lina deni lake pia. Katika kurasa zetu tumewahi kuchapisha picha za matingatinga yaliyobadilishwa na kuyasifu kwa ubunifu wa mafundi wetu, bila kuuliza swali hata moja kuhusu kanopi. Tulikosea. Kuanzia toleo lijalo, tangazo la kuuza au kukodisha tingatinga lililobadilishwa halitapokelewa hapa bila picha ya kibao chake, inayosomeka, pamoja na karatasi ya mizani iliyopimwa baada ya kazi kukamilika.