Bwawa la Kidunda na Milima ya Uluguru: Maji ya Jiji, Ardhi ya Ukoo

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Mwezi Novemba 2022, wakati wakazi wa Dar es Salaam wakiwa katika mgao wa maji uliotokana na kupungua kwa maji ya Mto Ruvu, Serikali ilisaini mkataba wa ujenzi wa Bwawa la Kidunda katika Wilaya ya Morogoro. Bwawa hilo limesanifiwa kuhifadhi lita bilioni 190, ili maji ya masika yanayopotelea baharini yatumike miezi ya kiangazi.

Tangu wakati huo, mjadala wa wananchi umejikita katika mambo mawili: gharama za mradi na kasi ya ujenzi. Yote mawili ni ya msingi. Hata hivyo, liko jambo la tatu ambalo halijazungumzwa vya kutosha, nalo ni hali ya miteremko inayolilisha bwawa lenyewe. Bwawa hutunza maji yaliyolifikia, haliwezi kuyaleta. Maji hayo huletwa na Milima ya Uluguru, na sehemu kubwa ya miteremko ya milima hiyo iliyo nje ya hifadhi ni mashamba ya koo za Waluguru.

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kina zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga upande wa mashariki, hivyo Kinole, Tawa na Matombo hupata mvua nyingi, ilhali Mgeta, iliyoko upande wa magharibi, hupata kiasi kidogo zaidi. Misitu ya juu hunasa ukungu, hupokea mvua na kuiachia polepole. Hiyo ndiyo sababu vijito vya Uluguru huendelea kutiririka hata miezi ambayo tambarare za Pwani zimekauka.

Mwaka 2008 misitu hiyo ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, ambayo leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ndani yake wamo ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Kutoka milima hiyo huteremka Mto Ngerengere, unaojaza Bwawa la Mindu kwa ajili ya Manispaa ya Morogoro. Mto Mgeta, unaozunguka upande wa kusini. Na Mto Ruvu, unaofika hadi kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Sehemu kubwa yao hunywa maji yaliyopita kwanza kando ya migomba ya Waluguru.

Kwa desturi, Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, unaoitwa lukolo, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa njia hiyo hiyo chini ya uangalizi wa wazee, ambao mara nyingi ni wajomba. Mwanamume anayeoa anaweza kulima katika ardhi ya ukoo wa mkewe, na mtu wa ukoo mwingine anaweza kuazimwa shamba. Wote wawili hupewa haki ya kulima, si haki ya kumiliki.

Desturi hii ina uzito mkubwa katika hifadhi ya vyanzo vya maji. Mahindi huvunwa na shamba likarudi kwa mwenyewe, lakini mti hudumu miaka mingi, na aliyeupanda huonekana kama anayedai ardhi. Kwa hiyo mkulima aliyeazimwa shamba husita kupanda miti, na mwenye ardhi huweza kumzuia. Miche ikigawiwa kijijini bila wazee wa koo kukubaliana ni nani atakayemiliki mti, kuna hatari ya kubaki vitaluni, na ofisa asiyefahamu desturi akadhani wananchi ni wazembe.

Historia ya Morogoro inaonesha pia kwamba wenyeji hawakuwahi kuishi kwa kujitenga. Katikati ya karne ya 19, Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Kizigua, alijenga chini ya milima mji wenye ngome kwenye njia ya misafara. Binti yake, Simbamwene, alimrithi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika kabla ya karne hiyo kwisha, na reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907. Milimani, heshima ya Kingalu wa Kinole, kiongozi aliyesifika kwa kuomba mvua, iliendelea kuwaunganisha watu. Mvua na mamlaka ya jadi vimekwenda pamoja Uluguru kwa vizazi vingi.

Utawala wa kikoloni wa Uingereza haukuuzingatia uhusiano huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Lengo la kuzuia mmomonyoko lilikuwa halali, kwani udongo ulikuwa ukisombwa kweli. Lakini katika maeneo mengi uchimbaji ulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu udongo mfu, mavuno yakapungua, na asiyechimba akaadhibiwa. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliandamana, polisi wakaitwa na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango huo ukaachwa.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba Mgeta, ambako mboga za umwagiliaji zilimlipa mkulima jasho lake, kilimo cha ngazi kimeendelea hadi leo. Palipokuwa na faida shambani, tuta lilibaki bila amri. Palipokuwa na amri bila faida, tuta lilibomoka.

Baada ya Uhuru zimekuwepo juhudi zilizofuata njia ya faida. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishiriki kuingiza mbuzi wa maziwa Mgeta katika miaka ya 1980. Mbuzi hao hufugwa bandani, hulishwa majani yanayopandwa kwenye kingo za matuta na kutoa mbolea. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima waliohifadhi udongo na kupanda miti, huku shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza zikiwa upande wa wanunuzi. Wazo lilikuwa rahisi: anayetumia maji bondeni amchangie anayeyalinda mlimani. Mpango huo haukukua kuwa mfumo wa kudumu, lakini ulionesha kwamba wakulima wako tayari kubadili kilimo wanapoona malipo ya kazi yao.

Sheria iliyopo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Katika tambarare, katazo hilo huchukua ukanda mwembamba wa shamba. Katika bonde jembamba la Uluguru lenye vijito kila upande, mita 60 zinaweza kumeza shamba zima la familia. Sheria lazima iheshimiwe, kwani mmomonyoko wa kingo za mito ndio unaopeleka mchanga na tope mabwawani. Lakini familia isiyo na shamba jingine haitaondoka kwa sababu ya bango. Itahamisha jembe hadi ukingoni mwa msitu, na hasara itakuwa kubwa zaidi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanahitaji kwenda sambamba na ujenzi wa Kidunda. Kwanza, mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji iwashirikishe wazee wa koo na wanawake, ambao kupitia kwao ardhi hurithiwa, na umiliki wa miti uandikwe bayana. Pili, maeneo ya miteremko mikali yapewe mazao ya kudumu yenye soko, kama karafuu, mdalasini na pilipili manga, ambayo tayari yanastawi upande wa mashariki. Tatu, sehemu ya ada zinazokusanywa kwa matumizi ya maji ipelekwe kwa utaratibu unaojulikana kwenye jumuiya za watumia maji za milimani, kupitia Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ili mchango wa wakulima usitegemee uhai wa mradi wa wafadhili.

Mwananchi wa Uluguru naye ana wajibu: kuzuia moto, kutolima ndani ya hifadhi, na kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji anapoona chanzo kinaharibiwa. Mwananchi wa Dar es Salaam ana wajibu wa kulipa ankara na kutopoteza maji. Fedha nyingi za umma zinatumika Kidunda. Zitadumu kwa miaka mingi iwapo udongo utabaki shambani, na utabaki shambani iwapo mwenye shamba ataona kwamba kuutunza kunamlisha yeye na watoto wa ukoo wake.