Oili ya Gari na Amana ya Mali



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake (s.a.w.), wiki hii tunaleta jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakalistaajabia katika safu hii, nalo ni oili ya injini. Mali ni amana, na gari ni katika mali ambazo nyumba nyingi huzitegemea kwa riziki, kwa kupeleka watoto chuoni na wagonjwa hospitali.

Yupo dada yetu mmoja, mjane mwenye asili ya Lamu, anayeishi Uthiru, magharibi mwa Nairobi. Hupika mahamri na biriani za arusi, akazipeleka kwa wateja kwa gari dogo lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Mwaka jana fundi alimwambia, "Mama, gari hili limezeeka. Likitiwa oili nzito injini itatulia." Akaleta galoni la bei nafuu, akatia. Dada yetu hakuitazama lebo wala hakuuliza. Baada ya miezi michache injini ikaanza kugonga asubuhi, taa nyekundu ikawaka naye asijue maana yake, na siku moja akielekea Kinoo na sufuria za watu, injini ikanoki. Fundi wa pili alipoifungua alikuta tope jeusi mfano wa lami. Ili apate injini nyingine, dada yetu aliuza bangili mbili za mahari yake. "Sheikh," alituambia, "niliokoa shilingi mia chache, nikapoteza kumbukumbu ya marehemu."

Hatuwezi kuapa kwamba oili ile ilikuwa ya bandia, wala si halali kumtuhumu mtu bila ushahidi. Tunalolijua ni kwamba oili ilichaguliwa kwa kukisia, ikanunuliwa bila kukaguliwa, kisha taa ya onyo ikapuuzwa. Hayo matatu yote yanaepukika.

Kwanza, oili huchaguliwa kwa agizo la aliyeiunda injini, si kwa umri wa gari peke yake. Agizo hilo limo katika kitabu cha gari. Wengi watasema kitabu chao ni cha Kijapani, au kimepotea. Basi na wafungue boneti, watazame kifuniko cha mahali pa kutilia oili. Magari mengi yameandikwa papo hapo, kwa mfano 0W-20 au 5W-30, na tarakimu hizo husomeka na kila mtu.

Maana yake ni nyepesi. Namba iliyo mbele ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyofika upesi kwenye vyuma gari linapowashwa. Namba ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto. Wapo wanaodai kuwa joto la Mombasa lataka oili nzito kwa kila gari. Lakini injini nzima, ikishapata moto, hukaa karibu na nyuzi 90, ikiwa Mombasa au Uthiru. Tofauti kubwa huwa alfajiri, hasa mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapokaza. Hapo oili iliyo nzito kuliko agizo huchelewa kufika, na vyuma hulika. Kama kitabu chenyewe kimeruhusu oili nzito zaidi kwa joto au mizigo, hapana ubaya kuifuata ruhusa hiyo.

Tazama pia herufi za API. Zinazoanza na S, kama SN na SP, ni za injini za petroli. Zinazoanza na C, kama CI-4, ni za dizeli. Daraja la SP lilianza mwaka 2020, na kwa kawaida daraja jipya la petroli hufaa penye agizo la lile la zamani.

Pili, kagua kabla ya kununua. Tunakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye lundo la chakula aliingiza mkono ndani yake, akakuta unyevu uliofichwa, na akakemea udanganyifu huo. Hakutosheka na kilichoonekana juu. Kwa hiyo kukagua si kumdhania mtu vibaya. Nunua oili mwenyewe kwenye duka linalotoa risiti, hakikisha kizibo hakijafunguliwa, na itafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya. Kisha simama pale mpaka imiminwe yote, na filta mpya ifungwe.

Tatu, zijue dalili. Kila wiki gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe baina ya alama mbili. Rangi nyeusi peke yake si ugonjwa, kwani kazi ya oili ni kubeba uchafu. Lakini taa nyekundu yenye sura ya birika ikiwaka barabarani, simama mahali pa salama, uzime injini. Usiseme utafika nyumbani kwanza.

Na fundi je? Katika Surat al-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Tuwatafute mafundi wenye zote mbili, maana mjuzi asiye mwaminifu atatuibia, na mwaminifu asiye mjuzi atatuharibia. Na tukumbuke kuwa shauri lile lilitoka kwa mwanamke, na likakubaliwa.

Likibaki galoni tupu, litoboe kabla ya kulitupa, kwa kuwa wako wanaoyaokota magaloni hayo, wakayajaza oili chafu na kumwuzia mja mwingine. Dada yetu wa Uthiru sasa hutoboa lake kwa kisu cha jikoni, mbele ya fundi.

Wabillahi tawfiq.