Theluji ya Mwezi Agosti



Kila tarehe 5 Agosti Kanisa hukumbuka kutabarukiwa kwa Basilika la Bikira Maria Mkuu jijini Roma, siku ambayo watu wengi huijua kwa jina la Bikira Maria wa Theluji. Masimulizi ya kale husema kwamba katika karne ya 4, enzi za Papa Liberio, theluji ilianguka usiku juu ya kilima cha Eskwilino katikati ya joto la kiangazi, ikaonyesha mahali ambapo Mama wa Mungu alitaka ajengewe nyumba. Wanahistoria hawayategemei sana masimulizi hayo, na basilika lililopo lilijengwa baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431. Hata hivyo Warumi hawajaiacha furaha yao. Siku hiyo petali nyeupe za maua humwagwa kutoka darini, zikawaangukia waamini kama theluji. Ndimo alimozikwa Papa Fransisko, Aprili 2025.

Mwaka huu sisi marafiki wanne (padre mwenzangu, katekista, mwalimu mstaafu na mimi) tuliamua kuisherehekea sikukuu hiyo kwa namna yetu. Roma ni mbali, lakini theluji tunayo. Tuliondoka Same alfajiri, kipupwe kikiwa bado kinauma, tukiwa na makoti, chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, tukashika barabara ya Moshi. Milima ya Upare ilikuwa kulia kwetu, meusi tupu. Tulipoipita Mwanga na kukaribia Himo, kukapambazuka, na Kibo kikatokea chote, bila wingu hata moja. Tukaegesha gari kando ya barabara. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, jambo ambalo kwa padre mwenzangu ni nadra.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe uleule akitokea upande wa Taita. Mtu aliyemwongoza njia aliuita “baridi” tu, wala hakuona la ajabu. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, wapo wataalamu wa jiografia huko Uingereza waliokataa katakata, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Walikuwa wameketi vitini; yeye alikuwa ameona.

Mwalimu ndiye aliyeuvunja ukimya wetu. Alisema alipokuwa kijana weupe ule ulishuka chini zaidi. Hakukosea: kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 ya eneo lake. Ndipo katekista akauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi, hata katika jumuiya zetu: “Baba, theluji ikiisha, watu watakunywa nini?”

Hapa napenda kusema wazi ninavyofikiri, kwa kuwa swali hilo, pamoja na uchungu wake wa kweli, hutupotosha. Maji ya Kilimanjaro hayatoki hasa katika barafu ya kileleni. Barafu huchangia kiasi kidogo sana. Maji hutoka msituni, katika ule ukanda wa kijani ambao hakuna mgeni anayeupanda mlima kwa ajili yake. Mvua nyingi zaidi hunyesha humo, upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi. Ukungu nao hunaswa na majani, kuvumwani na ndevu za miti, ukadondoka tone kwa tone hata siku ambayo mvua haipo, na udongo wenye mizizi ukayatunza maji hayo na kuyaachia polepole. Theluji ni taji. Kisima ni msitu.

Ushahidi tunao nyumbani. Kilele chetu cha Shengena, chenye mita 2,463, hakivai theluji, na bado vijito vinashuka. Mji wa Same uko tambarare penye ukame, nyuma ya milima inayoyazuia mawingu. Tunaishi kwa yale ambayo msitu wa Chome na misitu mingine ya mlimani inayanasa kwa niaba yetu. Wazee wa Kipare walilijua hilo. Ndiyo maana walichimba ndiva, wakayakusanya maji usiku kucha na kuyafungulia asubuhi kwa zamu, kila mwenye shamba akijua saa yake. Waliitunza pia misitu ya koo zao, ambamo mtu hakuthubutu kukata hata fito. Sisi wahubiri tuliwaambia kuwa huo ni ushirikina, na pengine ulikuwamo. Lakini hofu ile ilipoondoka hatukuweka kitu mahali pake, na shoka likaingia.

Theluji ya Kibo inayeyuka kwa sababu ambazo nyingi ziko mbali na mikono yetu. Mkulo unaoangushwa usiku huko mlimani hauangushwi na hewa chafu ya nchi tajiri. Ni rahisi kuomboleza barafu tusiyoweza kuirudisha, tukanyamaza juu ya mti ambao tunamjua aliyeukata, na tunamjua aliyeununua.

Nililisema hili pale barabarani kwa ukali kidogo. Mwalimu akanitazama, akaniuliza kwa upole: “Baba, na mabenchi yale mapya ya kanisani, mbao zake zilitoka wapi?”

Sikuwa na jibu. Nakumbuka bei ilikuwa nzuri, nakumbuka mbao zilifika usiku, nakumbuka nilimshukuru Mungu. Sikuuliza.

Ilipokaribia saa tatu wingu lilikwisha kukifunika Kibo. Tulikunywa chai iliyobaki, tukageuza gari. Njiani tulizungumza mambo mengine, ingawa padre mwenzangu alirudia mara mbili kwamba mabenchi ya kwao nayo ni mazuri mno.

Kamati ya ujenzi itakutana Jumapili baada ya Misa ya pili. Ajenda ni mbao za dari. Fundi ameshaleta bei, nayo ni nzuri sana. Nimemwomba aje na karatasi inayoonyesha miti hiyo ilivunwa wapi na kwa kibali cha nani. Kama hana, tutasali chini ya mabati kwa mwaka mwingine.